Chama cha siri chuoni: Kilichoiangusha sehemu ya pili

FILAMU ya The Skulls II ilipotolewa mwaka wa 2002, haikupitia kumbi za sinema bali ilipelekwa moja kwa moja kwenye video. Hiyo pekee ilikuwa dalili mbaya.

Ile ya kwanza, iliyoelekezwa na Rob Cohen mwaka wa 2000, ilichota wazo lake kwa Skull and Bones, chama cha siri kilichoanzishwa mwaka wa 1832 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Wahakiki waliikashifu, na haikukosa vioja, lakini ilikuwa na kiini. Luke, kijana maskini asiye na karo ya kusomea sheria, anakubaliwa na wana wa matajiri. Rafikiye wa dhati anapouawa, mtazamaji anaelewa mbona kuwakabili wafadhili wake ni mtihani mgumu.

Katika sehemu ya pili, chini ya mwelekezi Joe Chappelle, mwanachama mpya Ryan anashuhudia msichana akifa, kisha ushahidi wote unatoweka. Tatizo ni kwamba mtazamaji keshawajua waovu kabla Ryan hajawashuku. Siri imekwisha, kilichobaki ni kukimbizana.

Ajabu ni kwamba Yale yenyewe ilikuwa na kisa kitamu zaidi. Mwaka wa 2004, George W. Bush na John Kerry, wote wanachama wa Skull and Bones, waliwania urais wa Marekani. Walipoulizwa kuhusu chama hicho, kila mmoja alikwepa kwa kusema ni siri.

Mwaka huo huo ikatoka The Skulls III, nayo kwenye video.