Dhahabu ya Goldfinger Ingepoa Mapema

Katika filamu ya Goldfinger ya mwaka 1964, tajiri Auric Goldfinger hana haja ya kuiba dhahabu ya Marekani iliyohifadhiwa Fort Knox, Kentucky. Anataka kuiharibu. Atalipua ndani ya hazina bomu dogo la atomiki lenye kobalti na iodini, dhahabu ijae mionzi kwa miaka 58, na yake mwenyewe ipande bei.

Kwa upande wa uchumi, hila hiyo ina akili kweli. Dola ilikuwa bado imefungamanishwa na dhahabu, wakia moja kwa dola 35, hadi mwaka 1971. Inakwama kwenye fizikia.

Dhahabu tunayoivaa ina aina moja tu ya atomu, dhahabu-197, isiyotoa mionzi. Bomu likilipuka humwaga nyutroni, na kiini cha dhahabu kikimeza nyutroni moja kinakuwa dhahabu-198, ambayo ina mionzi mikali. Lakini haidumu. Kila baada ya siku 2.7 nusu yake hugeuka zebaki ya kawaida. Siku 27 zikipita, imebaki takriban sehemu moja kati ya elfu; siku 54, sehemu moja kati ya milioni. Tena dhahabu ina uchu mkubwa wa kumeza nyutroni zilizopungua kasi, hata milimita chache za juu huzimaliza karibu zote na katikati ya tofali hakufikiwi. Madaktari wameitumia dhahabu-198 kutibu saratani kwa sababu hiyo hiyo: inafanya kazi yake, kisha inaisha.

Miaka 58 inatoka wapi, basi? Ukipiga hesabu, inaoana na kobalti. Kobalti ya asili, kama inayochimbwa Kolwezi nchini Kongo, haina mionzi. Ikimeza nyutroni inakuwa kobalti-60, inayopungua nusu kila miaka 5.27. Kwa miaka 58 imepungua nusu mara 11, na iliyobaki ni kama sehemu moja kati ya 2,000. Iodini ya kawaida ikimeza nyutroni hupungua nusu kila dakika 25, kwa hiyo haimwongezei Goldfinger chochote.

Hata hiyo kobalti isingeifunga dhahabu. Viwanda vya kusafisha dhahabu huiyeyusha na kuipulizia gesi ya klorini, ambayo huzinasa metali duni na kuiacha dhahabu. Kazi hiyo ingehitaji kuta nene na mikono ya mashine, na ingekuwa ghali mno, lakini inawezekana.

Kinachonisikitisha ni kwamba filamu inahesabu dhahabu tu. Vumbi la kobalti-60 lingetua kwenye mashamba, mapaa na mito ya Kentucky, likaendelea kutoa miale ya gama kwa miongo. Tofali la dhahabu unaweza kulirudisha tanuruni. Shamba la mahindi huliwezi. Ungebaki kukwangua udongo wa juu, kuuzika mbali, na kuwahamisha wenye shamba.