Ugonjwa wa Akili na Ulevi: Bima Yako Yasemaje?



Tuchukue mfano wa boma moja, liwe la Kitui au la Makueni, haidhuru. Lina vijana wawili. Wa kwanza ameanguka na bodaboda akavunjika mguu. Jioni hiyo hiyo majirani wamefika, mwethya umechanga, na baba amekumbuka kadi ya bima.

Wa pili, miezi mitatu sasa halali usiku. Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na anakunywa chang'aa ili azinyamazishe. Huyu hakuna anayemchangia. Amefungiwa ndani. Mbuzi wanauzwa mmoja mmoja, kwanza kwa mganga, halafu kwa kituo cha watu binafsi. Kadi ya bima imebaki sandukuni. "Bima ni ya ugonjwa," watu husema, "na hii ni aibu ya nyumba."

Sisi tunasema hapana. Mbele ya sheria ya Kenya, mguu wa yule na akili ya huyu ni sawa.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Afya ya Akili ilipitishwa mwaka wa 1989. Tangu hapo ilikataza kampuni za bima kuandika mkataba unaoacha nje matibabu ya ugonjwa wa akili, au unaoyawekea vikwazo. Kampuni iliyofanya hivyo ilihesabiwa kuwa imetenda kosa.

Mwaka wa 2022 sheria hiyo ilirekebishwa. Sasa inasema wazi kwamba mwenye ugonjwa wa akili ana haki ya kupata bima ya matibabu, ya serikali au ya kampuni binafsi, na asibaguliwe. Tena inataja ni nani anayehesabiwa humo. Mtu ambaye mtaalamu amempima akaona ametawaliwa na pombe au dawa za kulevya, yumo. Mtu anayesumbuliwa na mawazo ya kujiua, yumo pia.

Si Kenya peke yake. Marekani ilipitisha sheria ya namna hii mwaka wa 2008, na India mwaka wa 2017.

Wengine watauliza: mlevi naye ni mgonjwa? Si amejitakia? Kuanza kunywa huenda alichagua. Lakini mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi, mwili wake umeizoea pombe. Akikatizwa ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kushikwa na degedege na hata kufa. Kwa hiyo kumfungia nyumbani "mpaka imtoke" ni hatari. Anahitaji daktari.

MBONA SHERIA ILILALA?

Sheria ya 1989 ilikuwako, lakini mikataba mingi ya bima iliendelea kuandika kwamba magonjwa ya akili na ulevi hayalipiwi. Ni nani angelalamika? Aliyekuwa na mgonjwa alimficha, na anayeficha mgonjwa hawezi kudai haki yake.

Tena matibabu yalikuwa mbali. Hospitali ya Mathari ilianzishwa Nairobi mwaka wa 1910, na kwa miaka mingi jina lake limekuwa la kutukania watu. Kutoka Mutomo au Kibwezi, nauli peke yake ni mbuzi.

Hapa kwetu mambo yameanza kubadilika. Katika Makueni, Profesa David Ndetei na wenzake waliwafundisha wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya wa vijijini jinsi ya kutambua magonjwa ya akili na kuyatibu karibu na nyumbani. Waganga wa kienyeji na viongozi wa dini nao walifundishwa kumtambua mgonjwa na kumtuma hospitalini. Hapo twajifunza kwamba maombi na dawa havipigani. Mwombee mgonjwa, na umpeleke.

BIMA YA SASA

NHIF, iliyoanza 1966, haiko tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi tunaiita SHA. Yafaa tujue mambo haya:

1. Kujiandikisha ni bure, kwa simu *147#, au uulize mhudumu wa afya wa kijiji. Ukishajiandikisha, huduma za zahanati na kituo cha afya hulipwa na serikali. Anzia huko.

2. Matibabu ya hospitali kubwa yanahitaji uwe umelipa. Sisi tusio na mshahara hulipa asilimia 2.75 ya mapato ya boma, kwa mwaka mzima kwa pamoja. Kiasi cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

3. Magonjwa ya akili na matibabu ya waliozama katika pombe na dawa za kulevya yamo katika huduma zinazolipiwa. Lakini kuna kiwango maalum. Kabla mgonjwa hajalazwa, uliza: bima italipa ngapi, na sisi tutaongeza ngapi?

4. Hapa ndipo wengi hukwama. Bima ya boma inachukua mume, mke, na watoto walio chini ya miaka 21, au chini ya 25 kama bado wanasoma. Kijana wa miaka 30 anayelala kwa mamake kwa kawaida hayumo! Ajiandikishe na kulipiwa kivyake. Kama ana ulemavu na anaitegemea familia kabisa, ulizeni, maana sheria imemfikiria.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, wekeni akiba ya bima. Kila mwanachama akitoa shilingi 70 kila wiki, kwa wiki 52 atakuwa na 3,640. Hiyo inatosha kiasi cha chini, na kubaki shilingi 40. Anayetozwa zaidi aongeze yake. Afadhali hivyo kuliko kuuza ndengu kwa bei ya kutupa wakati mgonjwa yuko mlangoni.

Pili, saidieni wagonjwa kupata kitambulisho. Wengi waliugua kabla hawajakichukua, na bila kitambulisho mtu mzima hukwama. Mwanakikundi mmoja aandamane na familia hadi kwa chifu.

Tatu, msimpeleke mtu kwa kituo cha kutibu ulevi kabla ya kuuliza: je, kimesajiliwa na NACADA? Je, kina mkataba na SHA? Namba ya NACADA ya kuomba ushauri ni 1192, na haitozi.

Nne, kama kikundi kinanunua bima ya kampuni, someni ule ukurasa wa mambo yasiyolipiwa kabla ya kutia sahihi. Mkikuta magonjwa ya akili yamo, ulizeni kwa barua. Msipojibiwa vizuri, pelekeni malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA.

Hatusemi kwamba kila kitu ni tayari. Unaweza kufika zahanati ukakuta dawa zimekwisha. Lakini dawa isiyoulizwa haiagizwi, na haki isiyodaiwa hulala kama ile sheria ya 1989 ilivyolala. Yule kijana wa pili bado yuko ndani, mlango umefungwa, na kadi iko sandukuni. Mkutano ujao, mtu mmoja aanze kwa kumtaja kama tunavyomtaja yule wa mguu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni wagonjwa gani tunaowachangia, na ni wagonjwa gani tusiowachangia? Kwa nini?

2. Wangapi kati yetu wamejiandikisha SHA? Vijana wetu wakubwa je?

3. Je, shilingi 70 kwa wiki tunaziweza? Kama hatuziwezi, tuanze na ngapi?