Vifaa Binafsi vya Mafunzo ya Uokoaji Pangoni

Ajali inapotokea ndani ya pango, machela hupita kwa shida, na mwokoaji hulazimika kukaa gizani kwa saa nyingi. Asipojikinga, aweza kugeuka kuwa majeruhi wa pili. Ndiyo maana mafunzo ya uokoaji huanza na vifaa vya mtu binafsi, na kila kifaa hulenga jeraha au maradhi mahususi.

Kichwa na mwanga

Kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni hukinga kichwa dhidi ya mawe yanayoanguka na dari fupi. Taa hufungwa kwenye kofia ili mikono ibaki huru. Kanuni ni kuwa na taa tatu zinazojitegemea pamoja na betri za akiba, kwani aliyepoteza mwanga hana budi kungoja kuokolewa.

Mavazi

Nguo ya pamba ikilowa hushindwa kuhifadhi joto, na mwili uliolowa hupoa upesi. Kwa hiyo ndani huvaliwa nguo ya sufu au polista, na juu yake ovaroli imara. Tahadhari hii ni muhimu zaidi katika mapango ya nyanda za juu, kama ya Mlima Elgon. Katika mapango ya pwani, kama ya Amboni mkoani Tanga, joto hutawala, hivyo maji ya kunywa yasikosekane.

Mikanda ya kamba

Anayeshuka kwa kamba huvaa mikanda inayomkaa vyema kiunoni na mapajani. Anayening'inia bila kusogea aweza kuzirai baada ya dakika chache. Hivyo wenzake wajifunze kumshusha mara moja.

Kinga dhidi ya popo

Popo walao matunda waishio mapangoni huweza kubeba virusi vya Marburg. Mwaka 1980 na 1987, wagonjwa wawili waliougua Marburg nchini Kenya walikuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa huo baada ya kuingia pango lenye popo magharibi mwa Uganda. Aidha, vumbi la kinyesi cha popo huweza kuwa na kuvu waletao maradhi ya mapafu. Kwa hiyo huvaliwa barakoa ya N95, miwani ya kinga, na glovu za mpira chini ya glovu za kazi. Aliyeumwa na popo aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa, kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa.

Baada ya kutoka

Dalili za Marburg hujitokeza kati ya siku 2 na 21, na mwanzoni hufanana na za malaria: homa kali, maumivu ya kichwa na ya misuli. Mwenye dalili hizo amweleze mhudumu kwamba aliingia pangoni. Mhudumu naye aulize asipoambiwa, kwa maana jibu hilo huamua iwapo mgonjwa atatengwa mapema na waliomhudumia watakingwa.