Foleni Isiyoonekana: Anayenunua Umeme Kimbiji Anasubiri Nini?

Mkazi wa Kimbiji, Dar es Salaam, akiishiwa yuniti za umeme saa tatu usiku hana haja ya kutoka nje. Analipa kwa simu, salio linapungua, kisha anangoja tarakimu 20 za LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia. Kwa kawaida meseji huingia papo hapo. Kuna usiku haiingii. Anangoja, anaingiwa na hofu kuwa pesa imepotea, ananunua tena.

Mara nyingi pesa haijapotea. Muamala wa namna hii hupita kwenye kompyuta za taasisi zaidi ya moja, na hizo hazifanyi kazi kwa kasi moja. Ndiyo maana mifumo mingi ya malipo duniani huweka katikati programu ya foleni, mfano IBM MQ ya mwaka 1993 au RabbitMQ ya 2007, itunze kila ombi mpaka upande wa pili uwe tayari kulipokea. Upande huo ukizubaa, foleni inarefuka. Na yule aliyelipa mara ya pili kwa hofu ameirefusha zaidi.

Mei 2021, LUKU iliposumbua kwa siku kadhaa, wateja walijaa kwenye ofisi za TANESCO, shirika la umeme. Foleni ile kila mtu aliiona. Iliyo ndani ya seva haina wa kuiona, kwa hiyo lazima ipimwe.

Kuipima hakuhitaji fedha nyingi. Skripti ya sheli, yaani amri za Linux zilizopangwa kwenye faili moja, inatosha kwa mistari kumi hivi. RabbitMQ ina amri ya rabbitmqctl list_queues inayotaja kila foleni na idadi ya ujumbe uliomo. Skripti huchukua idadi hiyo na kuilinganisha na kikomo. Ikizidi, fundi wa zamu anapata meseji. Programu ya cron huiamsha skripti kila dakika, na kila kipimo huandikwa pamoja na saa yake.

Mafundi wengi huishia hapo, nami sikubaliani nao. Ujumbe 1,200 ukihudumiwa kwa kasi ya 20 kwa sekunde, wa mwisho unasubiri dakika moja. Kasi ikishuka hadi mmoja kwa sekunde, unasubiri dakika 20, na idadi ni ileile. Uhusiano huo wa idadi, kasi na muda mtafiti John Little aliuthibitisha kihesabu mwaka 1961. Waliopima visima virefu vya Kimbiji hawakuridhika kwa kusoma kina cha maji mara moja. Pampu huwashwa, kina kikapimwa tena na tena. Foleni nayo ipimwe hivyo, na skripti itoe jibu kwa dakika, kwa sababu aliye gizani anahesabu dakika.

Sifuri nayo hudanganya. Huenda foleni ni tupu kwa kuwa hakuna ombi linalofika kabisa. Huenda pia ujumbe umeshachukuliwa na programu iliyoganda kabla ya kuthibitisha kuupokea. RabbitMQ ina hesabu ya kando ya ujumbe huo, na skripti inayosoma tu ujumbe ambao haujachukuliwa haitagundua kitu. Kwenye IBM MQ ya Linux, foleni isipobadilishiwa mpangilio hupokea ujumbe 5,000 tu. Ikijaa, unaofuata unakataliwa.

Skripti yenyewe pia hufa kimya kimya, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa amani. Iwekewe mlinzi kwenye seva nyingine. Tena isipige kelele kwa kila kipimo kilichozidi. Fundi anayeamshwa kila dakika atazima simu. Vipimo vitatu mfululizo vikizidi, hapo aamshwe.

Wenye dhamana ya mifumo hii, msiishie kumwamsha fundi. Foleni ikizidi dakika tano, mtumieni mnunuzi meseji moja: ombi lako limepokelewa, usilipe tena.