GESI YA NYOTA HUKAUKA KAMA UNYEVU WA SHAMBA



Mkulima anajua kwamba unyevu haumsubiri mvivu. Mvua ikikatika, jua hukausha udongo. Mbegu iliyochelewa haioti. Huko angani nako mambo ni hayo hayo.

Nyota changa huzungukwa na gesi na vumbi. Vitu hivyo hutandaa kama ungo. Humo ndimo sayari hutengenezwa. Lakini gesi haikai. Miale mikali ya nyota huipasha moto. Ikipata moto sana, hutoroka. Ile ya pembeni hutoka kwa urahisi zaidi, kwa sababu huko nyota huivuta kwa nguvu ndogo.

Jioni ya mwezi wa Januari, tazama juu. Utaona nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Karibu nazo kuna wingu hafifu, wingu la Orioni. Mwaka 1992 mtaalamu wa Marekani, Robert O'Dell, alionyesha picha za wingu hilo zilizopigwa kwa darubini ya Hubble. Zilionekana nyota changa zenye mikia kama viluwiluwi. Mikia hiyo ni gesi inayotoroka. Inachomwa na miale ya nyota kubwa iliyo jirani.

Nyota nyingi humaliza gesi yake kabla ya miaka milioni 10. Sayari kubwa kama Mshtarii, ambayo karibu yote ni gesi, ililazimika kuwahi. Dunia yetu ni ya mawe. Mawe hayatoroki kama gesi, hivyo iliendelea kukua hata gesi ilipokwisha.

Ndugu mkulima, ngoja ngoja huumiza matumbo. Je, shamba lako umekwisha kulitayarisha?