Drafti ya NFL ni Ayuuto Tupu: Vile Timu za Marekani Huchagua na Kubadilishana Wachezaji

 

Ukitupa jiwe hapa Garissa town litaangukia mtu ako na ndugu Minneapolis. Ni binamu, ni eedo, ama ni yule boy mlisoma naye primary akahamia huko na familia yake. Na siku hizi huyo binamu ukimuona kwa status amevaa jezi ya zambarau. Hiyo ni Minnesota Vikings, timu ya mtaani kwao. Uwanja wao hata hauko mbali na Cedar-Riverside, kule Wasomali wamejaa mpaka unaweza dhani uko Suq Mugdi na baridi ya friji.

Sasa ikifika mwezi wa nne, binamu anaanza kelele. Ati wameuza zamu ya raundi ya kwanza, ati wameruka mbele namba moja. Wewe uko Bula Iftin na shaah yako unajiuliza: zamu gani hiyo, na wameuzia nani?

Kaa chini, leo tunaimaliza hiyo stori. Na ukisikia drafti, usifikirie ile ya vizibo vya soda wazee wanacheza chini ya mti.

Kwanza, sahau ile biashara ya soka

Wewe umezoea hivi: Southampton walimtaka Victor Wanyama 2013, wakalipa Celtic pauni milioni 12.5, jamaa akabeba bag. Mwenye doo nyingi ndiye anapata mchezaji mkali. Ndiyo maana ligi nyingi za Ulaya unajua bingwa kabla msimu uanze.

NFL haiendi hivyo. Wachezaji wengi wanatoka vyuo vikuu vya Marekani, na chuo hakimuuzi mtu. Kila mwaka timu zote 32 zinakaa siku tatu, zinachagua vijana kwa zamu. Kuna raundi 7, na mwaka wa 2024 na 2025 walichaguliwa wachezaji 257 kila mara. Kijana lazima awe amemaliza miaka mitatu tangu atoke high school. Ukichaguliwa na timu, hiyo timu pekee ndiyo iko na haki ya kukusaini. Hata kama mji wao huupendi. Hata kama ulikuwa unaombea ile ingine.

Na nani anachagua kwanza? Timu iliyochapwa zaidi msimu uliopita. Bingwa wa Super Bowl anangoja mwisho wa foleni.

Hapo ndipo ayuuto inaingia. Unajua vile mama zetu hufanya: watu kumi, kila mtu anatoa elfu moja kwa wiki, mmoja anabeba elfu kumi yote. Siku ya kupanga foleni, kama kuna mmoja duka lake limeungua, wengine wanasema apewe ya kwanza. Hakuna anayelia, kwa sababu kila mtu anajua kesho inaweza kuwa yeye. Drafti ni hiyo hiyo. Aliyeumia ndiye anaanza kubeba.

Idea ilitoka kwa mwenye timu mbovu, na si ajabu. Bert Bell alikuwa na Philadelphia Eagles, walikuwa wanapigwa kama ngoma, na wachezaji wazuri walikuwa wanasaini na timu kubwa zenye doo. Akawaambia wenzake: tukiendelea hivi mashabiki watachoka na ligi itakufa. Wakakubali, na drafti ya kwanza ikafanyika 1936. Eagles wakachagua wa kwanza kabisa, Jay Berwanger. Haki yake wakaipitisha kwa Chicago Bears, lakini jamaa hakuelewana nao kwa mshahara, akaenda kuuza raba. Mtu wa kwanza kuchaguliwa NFL hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NFL.

Kupimwa kama mbuzi

Umeona vile dilaal hufanya kwa soko letu la mifugo? Anafungua mdomo wa mbuzi aangalie meno, anashika mgongo, anamtembeza kidogo, ndio aanze kuongea bei. Vijana wa drafti wanapitia hiyo kitu, tofauti ni kamera ziko kila mahali.

Kabla ya drafti wanaitwa Indianapolis. Wanakimbia yadi 40, kama mita 36 na nusu hivi, na saa inahesabu mpaka sehemu ndogo za sekunde. Wanainua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Madaktari wanakagua magoti na mabega. Halafu makochi wanawakalisha na kuwauliza maswali, kujua kama kichwa kiko sawa.

Na bado wanakosea. Tom Brady mwaka wa 2000 alichaguliwa namba 199, akaenda kushinda Super Bowl saba. Brock Purdy mwaka wa 2022 alikuwa namba 262, wa mwisho kabisa. Huyo wa mwisho huwa anachekwa, anaitwa Bwana Hana Maana. Februari 2024 Hana Maana alikuwa ndiye kotabeki, yaani yule mrusha mpira mkuu, wa San Francisco 49ers kwa Super Bowl. Walichapwa na Kansas City, sawa, lakini mwaka wa 2025 alisaini mkataba wa miaka mitano unaoweza kufika dola milioni 265. Kwa hivyo wewe uliyeachwa nje ya timu ya ward, tulia.

Sasa zamu zinauzwaje?

Hapa ndipo binamu huanza kupiga kelele, kwa hivyo shika pole pole.

Timu zikibadilishana wachezaji, hakuna mtu anatuma milioni kwa benki ya mwenzake kama kwa soka. Malipo ni mchezaji kwa mchezaji, mchezaji kwa zamu, ama zamu kwa zamu. Na zamu inaweza kuwa ya mwaka huu ama ya mwaka ujao.

Ni kama kwa ayuuto Halima amwambie Fatuma: nipe zamu yako ya kwanza, nina school fees, nitakupa yangu ya tano na nikuongezee mbuzi. Fatuma akipiga hesabu akaona inalipa, wanabadilishana. Mpaka hapo hakuna shida. Shida ni ukiahidi zamu ya mwaka ujao na hujui mwaka ujao utakuwa na hali gani.

Uliza Carolina Panthers. Mwaka wa 2023 walitaka kuchagua wa kwanza ili wamchukue kotabeki Bryce Young. Zamu hiyo ilikuwa ya Chicago Bears. Panthers wakatoa mchezaji mkali DJ Moore, zamu mbili za mwaka huo, zamu ya kwanza ya 2024 na zamu ya raundi ya pili ya 2025. Walikuwa wanaamini msimu utakuwa poa, kwa hivyo ile zamu ya 2024 itakuwa ya nyuma huko, haina noma. Manze, wakashinda mechi 2 na kupoteza 15. Wakashika mkia. Ile zamu waliyotoa ikawa namba moja kwa ligi nzima, na Bears wakaibeba na kumchagua Caleb Williams. Panthers walipata taabu ya kuwa wa mwisho na hawakupata dawa yake.

Na kama unataka binamu anyamaze kidogo, mtajie Herschel Walker. Oktoba 1989, Vikings walimtaka huyo mkimbiaji wa Dallas Cowboys mpaka wakatoa wachezaji watano na rundo la zamu za miaka ya mbele. Walker hakufikisha misimu mitatu kule. Cowboys, waliokuwa vibaya kabisa wakati huo, wakatumia zamu hizo kujenga timu upya, na kati ya 1993 na 1996 wakabeba Super Bowl tatu. Vikings mpaka leo hawajabeba hata moja.

Lakini tuwe fair. Mwaka wa 2020 Vikings walimwachilia Stefon Diggs aende Buffalo, wakapewa zamu kadhaa. Moja ilikuwa namba 22, na hapo wakamchukua Justin Jefferson, mmoja wa washika mpira wakali zaidi kwa ligi. Ukiuza vizuri, unashinda pia.

Na mchezaji mwenyewe je?

Hapa ndipo stori inakuwa serious. Kwa ayuuto kinachozunguka ni doo. Kwa NFL kinachozunguka ni mtu.

Mchezaji anaweza kuwa amelala, simu ilie, aambiwe kuanzia kesho ako timu ingine, mji mwingine, mbali na shule ya watoto. Mkataba wake unamfuata vile ulivyo. Isipokuwa kama aliweka sharti la kukataa kuhamishwa, na wachache sana hupewa hilo, lazima aende. Diggs alitaka kuondoka, lakini si kila mtu hutaka.

Kijana aliyechaguliwa anapewa mkataba wa miaka minne, na kama ni raundi ya kwanza timu inaweza kuongeza wa tano bila kumuomba. Mshahara unategemea namba uliyochaguliwa, na huwezi kudai mkataba mpya mpaka umalize misimu mitatu. Ndiyo maana Purdy alipeleka timu Super Bowl huku analipwa chini ya dola milioni moja kwa msimu.

Kwa nini wanakubali? Kwa sababu wako na chama cha wachezaji kilichokaa mezani na wenye timu, kikapata mgao wa mapato na mshahara wa chini kabisa. Na kila timu iko na kikomo cha mishahara, dola milioni 279.2 kwa msimu wa 2025, kwa hivyo tajiri hawezi kukusanya mastaa wote. Mchezaji anatoa uhuru wa kuchagua, ligi inampa uhakika. Kama ni deal nzuri ama mbaya, amua mwenyewe. Angalau iko kwa maandishi, na ameisoma.

Kuna mtu wetu aliwahi kupita huko?

Wapo. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alizaliwa Marekani na alichaguliwa na New York Giants mwaka wa 2006 kwa raundi ya kwanza, namba 32. Huyo alipita mlango wa mbele.

Mlango wa nyuma ulipitwa na Daniel Adongo wa Nairobi. Alikuwa mchezaji wa raga, hakuwa amecheza hii ya Marekani. Mwaka wa 2013 Indianapolis Colts wakamsaini moja kwa moja bila drafti, akawa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL. Aliachwa 2015. Jordan Mailata wa Australia naye alitoka raga, akapitia mpango wa NFL wa wachezaji wa nje ulioanza 2017, akachaguliwa namba 233, na Februari 2025 akashinda Super Bowl na Eagles. Mwaka wa 2023 NFL yenyewe ilileta kambi Nairobi kutafuta vijana.

Lakini tusidanganyane. Nairobi ni kama kilomita 370 kutoka hapa. Skauti hajavuka daraja la Tana kuja kuangalia nani anakimbia kwa mchanga. Na hata akija, utasafiri na nini kama huna kitambulisho? Bila ID hakuna pasipoti. Vijana wa huku wamezungushwa na vetting miaka na miaka, mpaka Februari 2025 rais akasaini akiwa Wajir kwamba ile vetting ya ziada iishe. Kama yako bado haijatoka, hiyo ndiyo drafti yako ya kwanza. Ifuate.

Na hii shika kabisa, hata kama wewe ni wa soka, basketi ama volleyball. Siku moja mtu atakuja na tracksuit safi akuambie ako na nafasi ya trials ng'ambo, tuma elfu hamsini ya "processing". Sasa unajua vile wenyewe hufanya. Hakuna kijana hulipa timu ya NFL ili achaguliwe. Ajenti aliyesajiliwa na chama cha wachezaji haruhusiwi kuzidisha asilimia 3 ya mkataba, na anachukua yake mchezaji akishalipwa. Anayekutaka ndiye hutoa doo. Ukiombwa wewe utoe ndio uchaguliwe, jua wewe ndiye mbuzi, na dilaal ameshakufungua mdomo.

Basi mwezi wa nne binamu akianza kelele zake, muulize swali moja tu: hiyo zamu mmeuza ni ya mwaka huu ama ya mwaka ujao? Akisema ya mwaka ujao, mwambie akaongee na watu wa Carolina kwanza.