Shule haina ada, Januari ina njaa

Tangu Januari 2016 shule za serikali nchini Tanzania hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikaongezwa. Hata hivyo watoto wanaendelea kuacha masomo, na takwimu za elimu za serikali kwa miaka mingi zimeutaja utoro kuwa sababu kubwa kuliko zote. Jibu hilo halinitoshi, kwa kuwa halisemi mtoto alikuwa wapi siku hizo alizokosekana.

Tazama Dodoma na Singida, mikoa yenye msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza Desemba, mavuno ni Mei na Juni. Shule hufunguliwa Januari, wakati mtama na uwele wa mwaka uliopita unaishia ghalani na mashamba yanadai palizi. Mwezi huohuo mzazi anatakiwa kununua sare, viatu na madaftari, na pengine kutoa mchango wa chakula. Kaya isiyo na akiba huenda kupalilia mashamba ya watu kwa ujira wa siku, na mtoto wa miaka 12 ni nguvu kazi. Anakosa siku mbili, kisha wiki nzima. Akirudi, wenzake wamemaliza sehemu na wanaanza desimali. Anaona haya kuuliza, anafeli jaribio, anaanza kujiona hana akili. Akiacha shule Agosti, hakuna anayeikumbuka palizi ya Januari.

Sekondari kuna umbali. Msichana anayepangishiwa chumba karibu na shule hujipikia mwenyewe, na unga ukiisha kabla ya mwisho wa mwezi, yupo mwanamume wa kumwahidi chipsi au nauli. Waraka wa serikali wa Novemba 2021 uliwaruhusu wasichana waliopata mimba na kujifungua warudi darasani, hatua niliyoipokea kwa furaha kubwa. Ila mama huyo mdogo anahitaji mtu wa kumlelea mtoto, na bibi yake naye yuko kibaruani.

Mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) wa kunusuru kaya maskini tayari unafungamanisha ruzuku na mahudhurio ya watoto shuleni. Ningependa fedha hizo zifike Desemba, kabla mzazi hajauza nguvu za mwanawe, na uji upikwe shuleni tangu wiki ya kwanza ya muhula. Mwalimu wa darasa naye apewe muda wa kufika nyumbani siku ya tatu ya kutoonekana kwa mwanafunzi, maana ikifika mwezi wa pili huwa anakwenda kuthibitisha tu kwamba mtoto ameacha shule.